Sanda ya Mtu Aliye Hai

Mama yangu mkubwa hakuziamini barua. Alisema barua huandikwa na yeyote mwenye kalamu, na mwanawe hakuwa na kalamu. Kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na saba, nilipoacha kazi ya ukarani katika ghala moja pale Tabora, kazi ya tatu kuiacha tangu nitoke shule ya sekondari, aliniita jikoni kwake.

"Wewe miguu yako haitulii," akasema. "Basi iende mahali penye maana. Nenda Tanga ukamtazame kaka yako kwa macho yako. Ukiweza, mrudishe. Usipoweza, uje uniambie kama bado ana mwili."

Kaka yangu alikuwa ameondoka kama walivyoondoka vijana wengi wa kwetu. Alijiandikisha kuwa manamba, akapewa blanketi, akapakiwa garini kwenda kukata mkonge. Mkataba wake ulikuwa umekwisha zamani. Wenzake walirudi na baiskeli na makoti mazito yasiyofaa kwa jua la kwetu. Yeye hakurudi.

Nilisafiri kwa treni, daraja la tatu, nimekalia sanduku langu la bati kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa tangu Kigoma. Siku zile hapakuwa na reli ya kuunganisha ile ya kati na ile ya Tanga. Mtu alishuka Morogoro akatafuta lori. Letu lilibeba magunia ya mahindi na watu juu yake. Tulipita Turiani, tukakwama kwenye tope kabla ya Handeni, tukasukuma, tukakwama tena. Njiani tulipishana na malori ya manamba waliokuwa wakirudishwa bara, wamesimama wameshikana mabega, wanaimba. Kila lilipopita lori la namna hiyo nilisimama juu ya magunia nikaliita jina la kaka yangu kwa nguvu zote. Mara moja mtu aliitika. Dereva wetu akasimama, na wao wakasimama. Akashuka mzee mwenye ndevu nyeupe, jina lake kweli ni hilo hilo, akauliza kwa hofu ni nani amekufa kwao. Abiria wenzangu walinicheka mpaka Handeni.

Korogwe nikapata treni nyingine. Kutoka hapo mkonge ulikuwa pande zote mbili za reli, mistari iliyonyooka mpaka macho yakachoka kuifuata. Nilishuka Pongwe, nikauliza njia, nikatembea na sanduku kichwani hadi kwenye shamba ambalo sitalitaja jina. Wenyewe wamekwisha ondoka, na mkonge wenyewe sidhani kama bado upo.

Mtu wa kwanza kuongea naye pale alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekaa penye lango la kambi akiuza mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi na hilo sanduku?"

"Tabora."

Akapiga makofi, akawaita wenzake. "Njooni muone! Mtumwa wangu mwingine ameletwa, na huyu amevaa viatu!"

Nikajua mara moja kwamba huyu ni Mzigua. Alikuwa mwenyeji wa upande wa Mwera, huko Pangani, na alikuwa amefika pale kumfuata mume ambaye baadaye alikufa. Sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wakipita nchini kwao na pembe za ndovu vichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia akaondoka nayo, kula katika sufuria yako bila kukaribishwa, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini kazi kubwa ya mtani ni msibani. Akifa mtu, mtani wake huja amevaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu alivyotembea, huongea kama yeye, mpaka waliokuwa wakilia wanacheka bila kutaka. Na jeneza likitaka kutoka, mtani hulala mlangoni akalizuia. Halipiti mpaka apewe haki yake. Hata mtu mkubwa namna gani hawezi kumruka.

"Namtafuta kaka yangu," nilimwambia, nikamtajia jina lake.

"Kaka yako yule mwenye miguu kama mwiko? Namlisha mimi. Asipokula mihogo yangu hawezi kunyanyua hata panga."

Kaka alirudi kutoka shambani jioni ile, mikono imechanika kwa miiba, akanibeba mzima mzima pamoja na sanduku. Alikuwa na mwili, na zaidi ya mwili. Nilimpa ujumbe wa mama yake. Akasema, "Nikimaliza kipande hiki tunaondoka." Kipande ni kadi ya kazi. Kila siku uliyokata mafungu yako mnyapara aliitia alama, na ilipojaa ndipo ulipolipwa. Kilipoisha kile, akaanza kingine. Nilipomuuliza sababu alicheka tu. Nadhani alipenda kuwa mtu anayeonekana. Kambi nzima ilimjua kwa kukata, na kwetu alikuwa mtoto wa tano.

Nami sikuwa na haraka. Nilipata kazi katika hospitali ya shamba. Daktari alikuwa kijana wa Kizungu aliyefika karibuni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kumwambia mpishi alete maji ya moto. Alihitaji mkalimani. Pale hospitalini alikuwepo pia dresa, Mbondei mmoja mtu wa kanisa, mpole, nguo zake nyeupe daima zimepigwa pasi, aliyefunga vidonda na kudunga sindano. Nilikaa kati ya hao wawili, nikigeuza maumivu ya watu kuwa Kiingereza na maagizo ya daktari kuwa Kiswahili. Ni kazi niliyoipenda kuliko zote nilizofanya kabla na baada ya hapo. Jumapili mimi na kaka tulipanda basi kwenda mjini. Tulizunguka mtaa wa Usagara tukitazama mpira na wasichana, tukala mkate wa kumimina, tukarudi hatuna kitu mfukoni. Nimekaa Mombasa, nimekaa Mwanza, nimekaa Lindi, lakini nikiwa macho kitandani ni harufu ya kambi ile inayonijia, harufu ya majani ya mkonge yaliyosagwa, ambayo mgeni huiona kuwa mbaya.

Homa ilianza mjini. Watu wa bandarini walikuwa wa kwanza kulala, kisha shule, kisha soko. Tulisikia kwamba ilikuwa imezunguka dunia, kwamba India watu wamelala, Ulaya watu wamelala. Ilipofika kambini kwetu tuliiona kuwa ya kawaida: kichwa, viungo, siku kadhaa za kutetemeka, halafu mtu anainuka anadai ugali. Wengi walipita hivyo. Lakini kwa baadhi yao homa ilishuka kifuani ikawa kichomi, na hao ndio waliojaza wodi yetu. Daktari aliwadunga penisilini. Wengine waliinuka. Wengine penisilini ilikuwa kama maji kwao, wakawa wanapumua kwa shida mpaka wakaacha kupumua. Shamba lilikuwa na desturi moja nzuri ambayo siwezi kuificha. Kila mfanyakazi aliyekufa alipewa sanda na mbao bila malipo, hata awe kibarua wa jana.

Ndipo likaja kasha dogo kutoka Dar es Salaam. Daktari alilifungua mbele yangu kwa uangalifu wa mtu anayefungua kapu la mayai. Ndani mlikuwa na chupa chache za vidonge vya rangi mbili.

"Hii ni dawa inayojaribiwa," aliniambia. "Haiuzwi popote. Inasemekana inaweza kuua vijidudu ambavyo penisilini haiviui. Mimi mwenyewe sijaiona ikifanya kazi. Nimetakiwa niitumie niandike kilichotokea."

Siku hiyo hiyo meneja wa shamba, tuliyemwita Bwana Mkubwa, alifika hospitalini akatoa utaratibu, nami nikautafsiri kwa wanyapara waliokusanyika nje. Kwanza Wazungu na familia zao. Halafu makarani wa Kihindi na mafundi wa mashine. Wakata mkonge wangesubiri shehena nyingine.

Kambini habari ilipokewa kwa kicheko. Bibi wa mihogo alisimama katikati ya watu, mkono kiunoni. "Mmesikia? Dawa haijulikani inaponya au inaua, na wanaanza kujaribiwa Wazungu! Leo wao ndio panya, na sisi ndio madaktari. Tukae tuangalie." Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mimi pia nilicheka. Tulikuwa tumezoea kwamba kitu kisichojulikana hujaribiwa kwetu kwanza, na mabadiliko hayo yalitufurahisha.

Fundi mkuu wa mashine, Mzungu mnene, alikuwa hoi kabisa, mkewe analia barazani. Alipewa vidonge vile. Baada ya siku chache tu tulimwona ameketi kwenye kiti cha turubai nje ya nyumba yake, anavuta kiko. Wakataji waliokuwa wakipita njiani walipunguza mwendo wakamtazama. Jioni ile bibi wa mihogo aliniuzia dagaa bila kunitukana, na hapo nikajua mambo yamebadilika.

"Panya amepona," alisema tu.

Kaka yangu alianguka shambani wiki ile, katikati ya mstari, panga mkononi. Mwanzoni alifanya mzaha. Alisema amelala kidogo kumsubiri mnyapara amfikie. Kesho yake alikuwa na kichomi, na keshokutwa yake hakuwa na mzaha. Dresa alimdunga kila alichokuwa nacho. Nilikaa kando ya kitanda nikisikiliza pumzi yake inavyokwaruza. Nilimfikiria mama yangu mkubwa jikoni kwake, na yale maneno ya kama bado ana mwili.

Nilimwendea daktari. Nilimwomba kwa Kiingereza nilichofundishwa na mapadri, nikakitumia chote.

Hakunitazama. "Najua hali yake. Lakini chupa zilizobaki zimekwisha pangiwa watu. Hospitali ni ya shamba. Si dawa yangu."

"Waliopangiwa wanaumwa?"

"Wengine hawajaumwa bado," akasema, akaona aibu, nami nikaona kwamba ameona aibu. Lakini kabati halikufunguliwa.

Nilitoka nje nikaenda hadi langoni. Sikujua ninakwenda kwa nani. Bibi wa mihogo alikuwa anapanga bidhaa yake ya mchana. Nilimweleza yote niliyoambiwa, neno kwa neno, kama nilivyozoea kazini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwaga maji ya mihogo, akanawa mikono, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Suruali yake ya kazini iko wapi?" akauliza.

"Chumbani. Ya nini, bibi?"

"Nionyeshe. Na koti lake lile baya."

Nilidhani amechanganyikiwa, lakini nilimpa nguo zile. Nilirudi hospitalini. Haukupita muda mrefu nikasikia vilio. Vilikuwa vilio vya msiba, vile vya kupanda na kushuka, vinatokea upande wa kambi na vinakaribia. Daktari alitoka barazani. Dresa alitoka. Wagonjwa waliokuwa na nguvu wakachungulia madirishani.

Walikuja wanawake wa Kizigua na wa Kibondei, na nyuma yao wakataji wengi waliokuwa wamemaliza kazi mapema. Mbele kabisa alikuwa kaka yangu. Ndivyo nilivyoona kwa dakika moja nzima. Suruali iliyokunjwa mguu mmoja, koti lenye kiraka, ule mwendo wake wa kurusha bega, panga la mti begani. Alikuwa bibi wa mihogo. Alipita katikati ya watu akiwasalimia kwa sauti nzito: "Hamjambo, wavivu? Nimekata mafungu yangu na yenu. Nikimaliza kipande hiki narudi Tabora!" Wanaume wazima walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka.

Akapanda ngazi. Akajitupa chini kwenye kizingiti cha mlango wa hospitali, akalala kifudifudi akaziba njia yote. Wanawake wengine wakaketi nyuma yake. Vilio vikakoma.

"Nini hii?" daktari akaniuliza. "Nani amekufa?"

Bibi alijibu kabla sijafasiri, kana kwamba amesikia Kiingereza. "Mwambie mtani wangu amekufa. Amezikwa na nyinyi siku ile mlipoyapanga majina. Mimi nimekuja mazishini. Hapa hatoki mtu wala haingii mtu mpaka nipewe haki yangu."

Nilifasiri. Daktari alimgeukia dresa. Nilitegemea dresa, mtu wa utaratibu, atawaomba watawanyike. Badala yake alivua kofia yake nyeupe akaishika kwa mikono miwili.

"Bwana Daktari," akasema, "hii ni desturi yetu. Mtani hafukuzwi msibani. Hata mimi siwezi kumruka."

Na kweli hakumruka. Alikuwa nje ya kizingiti, akabaki nje.

Bwana Mkubwa alifika na Landrova yake. Mtu alikuwa amekimbia kumwambia kwamba wafanyakazi wamevamia hospitali. Aliwatazama watu, akamtazama mwanamke aliyevaa suruali ya mwanamume, akaniuliza wanataka nini.

"Wanadai haki ya msiba," nikaanza, "kwa desturi ya..."

Hakunisubiri nimalize. Nadhani alifarijika. Msiba aliuelewa, na kwa msiba shamba lilikuwa na utaratibu. Alimwita msimamizi wa stoo akamwamuru alete sanda upesi ili watu waondoke wakazike. Sikupata nafasi ya kusema kwamba mgonjwa yu hai. Sanda ikaja, jora jeupe jipya lililokunjwa vizuri, na Bwana Mkubwa mwenyewe akalipokea akaliweka mbele ya bibi kwa heshima. Kwa hilo ninampa haki yake. Aliliweka kwa heshima.

Bibi aliinuka akaketi. Alilishika lile jora, akalipapasa kama mtu anayenunua kitambaa dukani, akalifungua. Akatazama juu.

"Mfasirie vizuri," aliniambia, "usimpunguzie hata kidogo. Mwambie nguo nzuri hii. Nimeiona ikiletwa kwa Mnyamwezi, ikaletwa kwa Mrundi, ikaletwa kwa mume wangu aliyekuwa kibarua tu. Haijapata kuulizwa huyu ana cheo gani, huyu mtoto wa nani. Sanda mnampa kila mtu bila kumuuliza. Basi kwa nini dawa mnauliza?"

Nilifasiri. Sikupunguza. Watu waliokuwa pale ambao hawakujua Kiingereza hata kidogo walikuwa wananyoosha vichwa kila nilipomaliza sentensi, kama watu wanaohakikisha kwamba mzigo umefika.

Uso wa Bwana Mkubwa ukawa mwekundu. "Mgonjwa yuko hai?" aliuliza.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani. Kitanda cha kaka yangu kilikuwa cha karibu na mlango. Alikuwa ameegemea mto, macho mekundu, jasho linatiririka, na kila neno lilimgharimu pumzi.

"Mzigua mbaya wewe," akasema. "Vua suruali yangu."

Baraza zima lililipuka kwa kicheko. Daktari alinishika mkono. "Amesema nini?"

"Anadai suruali yake, bwana."

Daktari alitazama ile sanda iliyotandazwa kizingitini, akamtazama kaka yangu. Hakucheka, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Aligeuka, akasimama mbele ya bibi, akaniambia nimuulize kama atamruhusu kupita.

"Anakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kabatini."

Akajisogeza upande mmoja, kidogo tu, kiasi cha mguu wa daktari kupita, na wangu nyuma yake.

Alirudi na chupa. Alichuchumaa kando ya kitanda akamwambia kaka, kwa kinywa changu, kwamba dawa hii bado inajaribiwa, kwamba hajui kama itamfaa au itamdhuru, na kwamba ana haki ya kukataa. Huyo fundi mnene sikumwona akiulizwa hivyo. Labda aliulizwa. Kaka alinyoosha mkono uliochanika kwa miiba. "Mwambie asiongee sana," akasema, "asije akabadilisha mawazo."

Bwana Mkubwa alikuwa amekwisha panda Landrova yake.

Jioni ile na siku zilizofuata daktari alipita wodini kitanda kwa kitanda na dresa nyuma yake, akawapa waliokuwa hoi zaidi, bila kuuliza kazi zao, mpaka chupa zikaisha. Hazikutosha. Kijana mmoja wa Kirundi aliyepewa alikufa hata hivyo. Mwingine ambaye hakufikiwa na dawa alipona mwenyewe. Sijui dawa ile ilikuja kuitwa nini wala kama inauzwa leo. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja niliingia wodini nikakuta kitanda cha kaka kitupu. Halafu nikamsikia nje, nyuma ya jiko, anabishana na bibi wa mihogo kuhusu tundu lililotoboka kwenye suruali.

"Umeitoboa wewe kwa kutambaa kizingitini!"

"Nimeitoboa kwa kukufia, mtumwa. Wewe mwenyewe ulishindwa kufa, ikabidi nikusaidie."

Sijapata kuwa na fahari ya kuwa mtu wa mahali fulani kama nilivyokuwa nayo miezi ile. Mwaka ule wapo waliopewa dawa kwa rangi na waliopewa kwa fedha. Sisi hatukuwa na kimoja wala kingine. Tulikuwa na desturi za babu zetu, ambazo walimu wangu waliniambia nitaziacha nikiendelea, na mwanamke asiyejua kusoma akazitandaza mlangoni pa hospitali mpaka kila mtu akalazimika kusimama. Nami nilikuwepo, na maneno yake yalipita kinywani mwangu.

Kwa hayo nilifukuzwa. Bwana Mkubwa aliniita ofisini baada ya homa kutulia, akaniambia kwamba mkalimani mwenye busara angewaambia watu wale waondoke.

"Sikuagizwa kuwaambia waondoke, bwana. Niliajiriwa kufasiri."

"Ulifasiri kwa raha sana."

Hilo sikulikana. Ilikuwa kweli. Daktari alinitetea, nikasikia sauti yake ikipanda nyuma ya mlango, lakini naye hakukaa sana baada ya hapo, alihamishwa. Dresa alinipa shati lake moja jeupe, limepigwa pasi, akaniambia nilivae treni ikifika Tabora na si kabla.

Siku ya kuondoka kwangu kaka alinisindikiza hadi Pongwe. Alikuwa bado mwembamba, koti linamning'inia, lakini alikataa kabisa nibebe sanduku langu mwenyewe. Alipumzika mara mbili njiani akisingizia kwamba mimi ndiye niliyechoka. Bibi wa mihogo alikataa kuja. Alisema hawezi kufunga biashara kwa ajili ya Mnyamwezi mmoja, akanifungia mihogo katika jani la mgomba, akageuza uso upande wa pili haraka kuliko ilivyohitajika.

"Twende wote," nilimwambia kaka tulipofika stesheni. "Mama anakungoja."

Alitazama reli. "Watu wa kambi wamenichagua niwe msemaji wao kwa yule meneja. Wamesema mtu aliyetandikiwa sanda akaikataa hawezi kuogopa ofisi." Akacheka, kikamshika kikohozi, akakimeza. "Nitaondokaje sasa?"

"Nitamwambia nini mama mkubwa?"

"Mwambie nina mwili. Umeuona."

Treni ilipoingia alinisukumia sanduku dirishani. Sikumpungia mkono, wala yeye hakunipungia, kwa sababu alikuwa amekwisha geuka. Alikuwa na mafungu ya kukata kabla jua halijawa kali, na mnyapara hakuwa mtu wa kusubiri. Nilimwona akitembea kando ya mkonge, bega lake moja likirushwa mbele, polepole kwanza, kisha kwa mwendo wake wa kawaida.